Wakuu, jambo likishindikana mdomoni lishusheni chini mlishike: madumu, trei la mayai na uzi wa nyavu (kutoka mwaloni, Mwanza)

#1 Jiwe la Ziwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke alama arudi jioni. Kuna kitu naona kinatuvunjia urafiki kila siku, nacho ni kujadili jambo lenye pande nyingi kwa mdomo peke yake. Pesa za kikundi, zamu za kazi, mirathi, ujenzi. Mwenye sauti kubwa anashinda, mwenye akili ya taratibu ananyamaza, na jambo linabaki pale pale. Dawa niliyoiona kwa macho yangu ni kulishusha jambo lenyewe chini, liwe vitu vya kushika na kusogeza, kila mtu alione na aliguse.

Nianze na yaliyonikuta.

Nafundisha fizikia sekondari, naishi Kirumba. Shangazi yangu ananunua dagaa kwenye mwalo mmoja (mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga) upande wa Igombe, anaanika, akishapata magunia ya kutosha anayaleta Mwaloni Kirumba. Yeye na wenzake 15 wana kikundi cha kuweka na kukopa: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Mwaka jana kikundi kilifika mahali pa kufa. Mama mhazini alikuwa anasemwa pembeni kwamba anakula hela. Ushahidi wao ulikuwa huu: "Jumapili ile tulihesabu wote, laki nane na ushee. Leo nataka mtaji, naambiwa kuna elfu sitini. Zimekwenda wapi?"

Kwa wasioijua kazi ya dagaa: mtumbwi unatoka usiku wa giza, taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unawachota. Mwezi ukiwa mkubwa taa haifui dafu, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo mwezi mzima una pumzi mbili. Kuna giza, siku za kununua na kuanika mpaka mgongo unauma. Na kuna mbalamwezi, siku za kushona nyavu, kukaa nyumbani na kudaiwa ada ya mtoto.

Nikaitwa kama mtu wa hesabu. Nikakaa na daftari lao siku mbili, halikuwa na kosa hata la shilingi mia. Nikaenda kuwaeleza. Nilieleza saa nzima, na jedwali nimelichora kwenye karatasi ya manila. Nilipomaliza, mama mmoja akasema kwa heshima kabisa: "Mwalimu, umesema vizuri. Ila hela ziko wapi?"

Swali lile lilininyima usingizi. Kesho yake niko dukani nasubiri chenji, macho yakaangukia trei la mayai. Trei lina vishimo 30. Mwezi wa angani, kuandama hadi kuandama, ni siku 29 na nusu hivi. Nikamwomba muuza duka trei tupu.

Jumapili iliyofuata nikaliweka trei juu ya mkeka. Siku za giza tukaweka kokoto nyeusi, siku za mbalamwezi vizibo vya soda. Nikamwomba kila mama achukue punje ya hindi aiweke siku aliyokopa mwezi uliopita, kisha haragwe siku aliyorejesha. Hakuna aliyetakiwa kusema neno. Kazi yote ilichukua kama dakika kumi, na nusu ya muda huo ni watu kukumbushana siku.

Mahindi yakajaa kwenye vizibo. Maharage yakarundikana mahali pamoja, pale giza linapoisha na mzigo umeuzwa, mpaka kishimo kimoja yakawa yanamwagika. Wamama wakainama. Shangazi ndiye aliyevunja ukimya: "Kumbe tunarejesha wote siku moja, halafu tunazikopa hizo hizo mbalamwezi kwa mambo ya nyumbani. Giza likiingia, mtaji hamna."

Laki nane za Jumapili ile zilikuwa za kweli. Elfu sitini nazo zilikuwa za kweli. Tofauti ilikuwa ni siku.

Lakini kujua lini haikutosha, walitaka kujua wafanye nini. Hapo ndipo nilipoleta madumu.

Nilikata dumu la mafuta ya kula la lita 20 sehemu ya juu. Hilo ndilo sanduku. Nikalipandisha juu ya chanja ya dagaa, chini yake nikaweka madumu mawili ya lita 5, moja tukaliita nyumbani, jingine mtaji. Msumari wa nchi nne nikaupasha kwenye jiko la mkaa mpaka ukawa mwekundu, nikatoboa matundu mawili karibu na kitako cha dumu kubwa. Kila tundu nikalichomeka kipande cha mpira wa maji, na vizibo nikachonga kutoka kandambili iliyokatika. Maji tukachota ziwani, nikatia rangi nyekundu ya chakula ili yaonekane kupitia plastiki.

Tukaanza mwezi. Mbalamwezi: fungua nyumbani. Maji yakashuka, dumu la nyumbani likajaa. Giza likaingia: fungua mtaji. Yakatoka kidogo, yakawa matone, yakakata. Wote tulikuwa tunaangalia lile tone la mwisho.

Akainuka mama mhazini mwenyewe, yule aliyekuwa anasemwa. Akauchukua msumari wangu, akaurudisha kwenye mkaa, akasubiri. Kisha akatoboa tundu jipya kwenye ubavu wa dumu kubwa, juu ya lile la kwanza kwa shubiri nzima. Akahamishia mpira wa nyumbani kwenye tundu jipya, lile la chini akaliziba na kandambili. Akajaza maji upya. Nyumbani ikafunguliwa, maji yakatoka vizuri tu, yalipofika usawa wa tundu yakaacha yenyewe. Hakuna aliyeyazuia. Shubiri nzima ya maji ikabaki chini. Giza likaingia, mtaji ukafunguliwa, maji yakatoka.

Muda wote huo hakusema neno.

Siku hiyo hiyo waliandika: sanduku likishuka chini ya laki tano, hakuna mkopo wa nyumbani isipokuwa ugonjwa na msiba. Kikundi kipo mpaka leo. Mhazini ni yule yule.

Sasa, wazo la maji sikulitoa kichwani kwangu. Kulikuwa na Bill Phillips, mzaliwa wa New Zealand mwaka 1914, fundi wa umeme aliyekuwa mateka wa Wajapani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita akaenda London kusoma, akakutana na uchumi, akaona maneno ya vitabuni yanamkimbia. Mwaka 1949, ndani ya gereji ya mwenye nyumba wake huko Croydon, akaunda mtambo wa matangi na mabomba unaopitisha maji yenye rangi: haya mapato, haya kodi, haya akiba, haya yanatoka nje kununua bidhaa, haya yanarudi. Urefu wake kama mita 2. Ukiongeza kodi kwa kufungua valvu, unaona tangi lipi linapungua na lipi linajaa. Aliuonyesha mbele ya maprofesa wa London School of Economics mwezi Novemba mwaka huo huo. Inayofanana nao ilijengwa kama 14 hivi, na mmoja uko Makumbusho ya Sayansi, London. Phillips mwenyewe akaja kuwa profesa wa uchumi pale pale.

Naamini kila mmoja hapa ana kifaa chake. Leteni.

#2 Kete64

Mkuu, nimesoma yote na hongera kwa kuwapatanisha wamama. Ila niruhusu nipinge kidogo.

Mimi nacheza bao tangu mdogo. Mashimo 32, kete 64. Watu husema bao linafundisha akili, lakini kete hazifikirii, anayefikiri ni mchezaji. Umpe bao mtu asiyejua atacheza kama anapanda mahindi. Hofu yangu ni kwamba ukimpa mtu mzima madumu na mahindi anaona rangi na maji, anafurahi, anarudi nyumbani anadhani ameelewa. Na la pili: hela si maji. Dumu lako likikudanganya utajuaje?

#3 Nyakato Njiapanda

Uzi wa hivi bila picha? Mkuu tuwekee picha ya hilo dumu.

#4 Jiwe la Ziwani

@Nyakato Njiapanda, wamama hawakutaka picha, na nimeheshimu. Ila maelezo ya kutengeneza yote yako juu, ukikwama uliza.

@Kete64, nitakujibu kwa kirefu nikitoka kazini, hoja zako ni za uzito.

#5 Zamu ya Usiku

Habari wapendwa. Mimi ni muuguzi, niko kanda hii hii ya Ziwa.

Kuna mwaka tulipelekwa kwenye kambi moja ya uvuvi kisiwani, kipindupindu kimeingia. Tulikuwa tumefundishwa habari za daktari John Snow wa London. Mwaka 1854 mtaa wa Soho ulipokuwa unateketea, yeye alifuatilia vifo nyumba kwa nyumba, na baadaye akavichora kwenye ramani, kistari cheusi kwa kila aliyekufa, kwenye nyumba yake. Vistari vikarundikana kuzunguka pampu moja ya maji, ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa ile pampu ukaondolewa. Walikufa watu zaidi ya 600 katika mlipuko ule. Na kuna jambo alilolitilia maanani: wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu walinusurika, kwa sababu wao walikuwa wanakunywa bia.

Sisi hatukuwa na ramani ya kambi. Kambi inahama, leo kibanda kiko hapa, wiki ijayo kimehamia mwamba wa pili. Tukachora ufuo mchangani kwa fimbo, vibanda vikawa mawe, kila mgonjwa kunde moja. Watu wakaja wenyewe kuangalia. Tulipoweka kunde ya kijana mmoja, mzee wa kambi akaiokota akaisogeza mbali: "Huyu amehamia hapa juzi, aliugulia kule." Akasogeza na ya pili, na ya tatu. Kwenye daftari letu wale watatu walikuwa wameandikwa sehemu wanayolala sasa. Kunde zilipotulia zilikuwa zimekusanyika upande mmoja, pale wanapochota maji chini kidogo ya mteremko wanakojisaidia.

Hatukuhitaji kumwambia mtu. Kabla jua halijazama walikuwa wameshahamisha mahali pa kuchota, na dawa ya maji tuliyoleta, ambayo asubuhi walikuwa wanaikwepa, wakaiomba wenyewe.

@Kete64 mimi nakuelewa. Lakini yule mzee asingesahihisha daftari letu. Hakujua hata kusoma. Kunde aliisahihisha.

#6 Nondo na Zege

Nimefurahi sana kuukuta uzi huu. Mimi ni mjenzi, nyumba na majengo ya ibada, Mwanza na Geita. Nitaleta kifaa kimoja tu, uzi.

Uzi hauwezi kusukuma, unavuta tu. Tofali ni kinyume chake: linabeba mzigo unaoligandamiza, ukilivuta linakatika. Sasa shika uzi ncha mbili uuache uning'inie, uufunge vizito mahali mzigo utakapokaa. Uzi utajipanga wenyewe kwenye umbo ambalo kila kipande kinavutwa tu. Ligeuze umbo hilo juu chini, unapata tao ambalo kila tofali linagandamizwa tu. Mwingereza Robert Hooke aliliona jambo hili karne ya 17. Mhispania Antoni Gaudí akalifanyia kazi mpaka mwisho: kwa kanisa la Colònia Güell, nje ya Barcelona, alining'iniza msitu wa nyuzi zenye vifuko vidogo vya risasi (ile metali nzito), akakaa na mfano huo karibu miaka 10, akaupiga picha na kuzigeuza picha. Kanisa lile halikukamilika, ilijengwa sehemu ya chini tu, lakini aliyojifunza pale aliyapeleka kwenye Sagrada Família.

Yangu ni madogo. Mteja alitaka lango la tofali za kuchoma, tao bapa, limelala, maana aliliona mahali likampendeza. Nguzo alitaka nyembamba. Nikamweleza kwamba tao bapa linatanua nguzo. Akaona natafuta kumuuzia tofali zaidi. Tulibishana siku tatu, nikakaribia kuacha kazi.

Siku ya nne nikapita mwaloni nikanunua uzi wa nyavu na risasi za kuzamishia, zile za kubana kwenye kamba ya chini. Nikazibana kwenye uzi, moja kwa kila tofali. Nikamwambia mzee, shika ncha hii kwa mkono wa kulia, hii kushoto, uache uzi ulale chini sana. Akashika, mikono imetulia. Nikamwambia, sasa vuta mikono mpaka uzi uwe bapa kama lango unalolitaka. Akavuta. Uzi haukunyooka. Akavuta zaidi, mikono ikaanza kutetemeka, risasi zile zile, hakuna iliyoongezwa. Akaniangalia. "Hii nguvu inayonivuta ndiyo itakayozisukuma nguzo?" Nikamjibu ndiyo, ila kuelekea nje.

Akashusha mikono pole pole akawa anauangalia uzi unavyonenepa tumbo. Mahali aliposema "hapa naweza kushika bila kuchoka", ndipo nilipochora lango. Limesimama. Nguzo tuliongeza nusu tofali kila upande, na yeye ndiye aliyependekeza.

Jambo la nguvu za tao linamsumbua hata mwanafunzi wa chuo. Mzee yule alilielewa kwa misuli.

#7 Sangara wa Nusu Mita

Nondo na Zege umeua. Kesho nafanya hiyo na watoto wangu.

#8 Jiwe la Ziwani

@Kete64, sasa nakujibu.

La kwanza, kete hazifikirii. Kweli kabisa. Lakini jaribu hili: kaa na mwenzako mcheze bao bila bao, kwa kutamka tu. "Natoa za shimo la tatu, natembea kulia, naishia kwenye lako lenye nne..." Mizunguko miwili mtakuwa mnagombana nani ana kete ngapi wapi. Akili ya mchezaji iko pale pale, haijapungua. Kilichopungua ni mahali pa kuishikiza. Bao linabeba hesabu ili kichwa kibaki huru kufikiria hila. Trei la mayai lilifanya hivyo hivyo: lilibeba mikopo ya watu 16 kwa siku 30, kitu ambacho hakuna kichwa mwaloni pale kingeweza kukibeba, changu kikiwemo.

Na kuhusu mtu mzima kuchezea vitu: mwaka 1953 pale Cambridge, James Watson na Francis Crick walikuwa wanatafuta umbo la DNA, kemikali inayobeba urithi wa viumbe. Walikuwa wameagiza vipande vya chuma karakana, vikachelewa. Watson akakata vipande vya kadi ngumu kwa mkasi, mifano ya sehemu nne za DNA: adenini, thaimini, guanini, sitosini, akawa anavisogeza mezani. Asubuhi moja ya Februari akaona adenini ikikaa na thaimini, na guanini ikikaa na sitosini, jozi zote mbili zinatoka na umbo moja, upana mmoja. DNA ikawa kama ngazi, na jozi hizo ndizo vipago vyake. Vipimo muhimu vilikuwa vya Rosalind Franklin, aliyepiga picha za eksirei, na haki yake itajwe kila habari hii inaposimuliwa. Lakini jozi zile zilionekana mezani, kwenye kadi.

La pili ndilo gumu. Hela si maji, na dumu linadanganya. Ndiyo. Maji yanatoka kwa kasi dumu likiwa limejaa, na yanapungua kasi linavyoshuka. Mwitalia Torricelli alilieleza hilo karne ya 17: kina kikibaki robo, kasi inabaki nusu. Hela haina tabia hiyo, shilingi elfu kumi zinatoka sandukuni kwa mwendo ule ule sanduku likiwa limejaa au tupu. Kwa hiyo niliwaonya wamama: "Msidanganyike na mwendo wa maji, angalieni usawa tu."

Wakacheka. Shangazi akasema, "Mwalimu, hapo ndipo dumu linaposema kweli. Tukiona sanduku limejaa kila mtu anakumbuka shida yake. Likiwa na kidogo tunaoneana haya."

Nilikuwa nimesimama na kanuni yangu mkononi, nikakaa chini. Ile kasoro ya dumu ilikuwa imetaja tabia yao ambayo haikuwa kwenye daftari, wala mimi sikuijua. Kwa hiyo swali lako "utajuaje kama dumu linadanganya" jibu langu ni hili: uliza wenye jambo, mbele ya dumu. Wao ndio wanaojua pa kulikatalia. Mchoro uliochorwa ofisini na kuletwa umekamilika hauna pa kukatalia.

#9 Njia ya Kasumbalesa

Salaam. Mimi dagaa wa hapo Mwaloni nawafikisha Lubumbashi. Kule mwenyeji wangu ni mzee wa Kiluba, na siku moja tukisubiri malipo aliniambia habari za lukasa. Ni ubao wa kushika mkononi, umebonyea katikati, umepachikwa shanga na kauri na kuchongwa alama. Zamani ulikuwa wa chama cha Mbudye, watunza historia wa ufalme wa Waluba. Mwenye kuusoma anaushika mkono mmoja, anapitisha kidole cha mkono mwingine juu ya shanga, na kila shanga inamkumbusha: hapa mfalme fulani, hapa safari, hapa ukoo, hapa mahali patakatifu.

Kilichonikaa ni hiki. Shanga haisemi kitu kimoja kwa wasomaji wote. Aliyeitwa kuamua mgogoro anausoma kwa jinsi ya mgogoro, aliyeitwa kusimika mtemi anausoma kwa jinsi ya kusimika. Ubao haukuweka majibu, uliweka njia ya kidole kupita. @Kete64 nadhani hapa wewe na mwalimu mnasema jambo moja.

#10 Kete64

@Jiwe la Ziwani, hilo la kucheza bao bila bao nimelijaribu jana jioni kijiweni na rafiki yangu ambaye ni mchezaji hodari. Tulifika mzunguko wa tatu. Nakubali hoja.

Hofu yangu ya kwanza bado ninayo: mtu kufurahia kifaa akasahau jambo. Ila naona kwenye simulizi zenu zote kuna mahali mtu mwenye jambo anakigusa kifaa akakibadilisha. Mzee alisogeza kunde. Mhazini alitoboa tundu. Mteja alishusha uzi. Nadhani hapo ndipo pa kupimia. Kama siku nzima kifaa hakijasogezwa na mtu mwingine zaidi ya aliyekileta, basi yalikuwa maonyesho.

#11 Jiwe la Ziwani

Mkuu, umeniandikia kipimo nilichokuwa nakitafuta. Nimekinakili kwenye daftari langu la masomo.

#12 Sangara wa Nusu Mita

Mimi nafundisha uraia, kwa hiyo mniruhusu na mimi. Kila mwaka kuna somo la kulinda rasilimali, na kila mwaka vijana wanakariri: tusivue sangara walio chini ya sentimita 50, tusitumie nyavu haramu. Wanapata alama zote, halafu likizo wanakwenda kuvua na kokoro.

Mwaka huu nilileta karai na kunde 40. Makundi matano. Kila kundi linaandika kwenye karatasi, kwa siri, linavua ngapi. Zinazobaki zinazaana mara mbili, ila karai halibebi zaidi ya 40. Kunde nyingi mwishoni, zawadi. Marufuku kuongea.

Mzunguko wa pili karai lilikuwa jeupe. Vijana walikasirikiana kweli, kuna waliosimama.

Nikarudisha kunde, nikaruhusu waongee. Binti mmoja akachukua kunde akaanza kuzipanga mezani: kila kundi 4, jumla 20, zinabaki 20, zinazaana zinarudi 40. Akarudia kupanga mara ya pili, polepole, kwa ajili ya waliokaa nyuma. Wakakubaliana nne nne. Mzunguko wa nne kundi moja likaandika saba. Sikuingilia. Wakajadiliana wenyewe, wakachagua mtu wa kufungua karatasi mbele ya wote, na aliyezidisha anakosa mzunguko unaofuata. Baada ya hapo karai halikukauka tena mpaka kengele.

Kuna Mmarekani, Dennis Meadows, alitunga mchezo mkubwa wa aina hii unaoitwa Fishbanks, watu wanaendesha makampuni ya uvuvi na kununua meli, na mara nyingi samaki wanaisha. Na Elinor Ostrom alipata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, mwanamke wa kwanza kuipata, kwa kuchunguza jinsi jamii zinavyotunza mali ya pamoja kwa sheria walizojiwekea. Vijana wangu walifika kwenye wazo lake bila kumjua, kwa kunde za sokoni.

Mmoja wao baba yake ni mvuvi. Aliomba karai aende nalo nyumbani. Nilimpa.

#13 Binti Ukerewe

Nimesoma uzi huu kuanzia mwanzo mpaka hapa, nimesahau hadi chai jikoni. Sisi huku Nansio tuna kikundi cha wauza samaki wa kukaanga, tuko 11, na shida yetu ni ya mhazini vile vile, watu wameanza kunong'ona. Ila sisi hatufuati giza la dagaa, sisi tunafuata siku za mnada na siku meli inapoleta wageni. Trei la mayai litatufaa? Na hilo tundu la juu, tulitoboe usawa gani?

#14 Jiwe la Ziwani

@Binti Ukerewe, trei litakufaa, vishimo ni siku tu. Badala ya giza na mbalamwezi wekeni kizibo siku za mnada, na rangi nyingine siku za meli. Kama mzunguko wenu ni wa wiki, kata ukanda wa vishimo kutoka trei la pili uunge na la kwanza liwe na safu za saba, utaona marudio yakijipanga juu na chini. Msianze na madumu. Anzeni na trei, kila mtu aweke punje zake mwenyewe kwa mkono wake, na mama mhazini aweke zake wa kwanza. Hilo la mhazini kuanza usilipuuze dada yangu, linampa heshima mbele ya wenzake.

Tundu la juu usitoboe wewe. Peleka msumari, mkaa na kandambili, jaza maji, yakate mbele yao, kisha uliza: "Tungetaka yabaki mangapi?" Watabishana. Waache wabishane wakiwa wameshika dumu. Dumu la lita 20 ni jepesi kuharibika, chukua mawili, la kwanza litatobolewa mahali pasipofaa.

Jumamosi ijayo sina vipindi. Kama wenzako wameridhia mgeni, nitapanda meli ya asubuhi, nije na trei na rangi. Mkaa uwe kwenu.

#15 Binti Ukerewe

Wameridhia. Mhazini amesema uje na misumari miwili.